Mtoto akiuliza kuhusu Jamaika, anza na mchicha

Oktoba 28, 2025 kimbunga Melissa kiliingia kusini-magharibi mwa Jamaika kikiwa na upepo wa karibu kilomita 295 kwa saa. Makumi ya watu walifariki, mji wa Black River uliharibiwa vibaya, na shule nyingi ziliezuliwa mapaa. Picha zilifika kwenye simu zetu, na watoto, ambao siku hizi wanaona karibu kila tunachokiona sisi, wakaanza kuuliza. Jamaika iko wapi? Watu wake ni Waafrika? Mbona wanafunzi wao wanavaa sare kama sisi?

Majibu ya wakubwa huwa mchanganyiko. Wapo wanaosema Jamaika ni nchi ya Afrika iliyo jirani na Ethiopia. Wapo wanaosema ni nchi ya marasta, basi. Wengine hujibu "ni kule Karibi", kana kwamba Karibi ni nchi moja yenye rais wake na bendera yake. Sishangai. Jamaika imetufikia kwa spika za daladala na matatu, kwa fulana za kijani, manjano na nyekundu (ambazo wala si rangi za bendera yake), na kwa mbio za Usain Bolt. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomwambia mtoto wa darasa la tatu mwenzake wa huko anakula nini, anasoma vipi na anacheza nini kengele ikilia.

Tatizo, nionavyo mimi, ni kwamba tunamwanzishia mtoto Jamaika kutoka mwisho: dini ambayo hata wakubwa wengi hatuielewi, mmea ambao hatutaki auguse, na msanii, Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981. Ukianzia jikoni na uwanjani mambo huwa mepesi zaidi, na utaona kwamba ukaribu wetu na kisiwa hicho haupo pale tulipozoea kuutafuta.

Kwanza tuweke majina sawa

Karibi ni bahari. Ni sehemu ya Atlantiki iliyo kati ya Amerika ya Kaskazini na ya Kusini, na ndani yake kuna visiwa vingi: Kuba, Haiti na Jamhuri ya Dominika zinazogawana kisiwa kimoja, Barbados, Trinidad na Tobago, na vingine vingi. Kila nchi ina serikali yake, na lugha nazo ni mbalimbali: Kihispania, Kifaransa, Kiholanzi, Kiingereza, pamoja na lugha za Krioli zilizozaliwa hukohuko. Jina la West Indies, ambalo wapenzi wa kriketi wanalijua, lilitokana na Christopher Columbus kudhani amefika pande za Bara Hindi. Ukweli ulijulikana mapema, lakini jina limebaki hadi leo.

Jamaika ni kisiwa kimoja kati ya hivyo, cha tatu kwa ukubwa. Mpe mtoto ramani ya dunia, aweke kidole Dar es Salaam, akisogeze magharibi kuvuka Kongo, atoke baharini, avuke Atlantiki yote huku akipanda kidogo kaskazini. Akikaribia Kuba ameshafika, maana Jamaika iko kilomita 145 hivi kusini mwa Kuba. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 11,000, yaani ni dogo kuliko Mkoa wa Kilimanjaro. Watu wake ni takriban milioni 2.8, karibu nusu ya wakazi wa Dar es Salaam. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nane: wetu wakiwa wanakunja madaftari saa kumi jioni, wenzao wa Kingston ndiyo kwanza saa mbili asubuhi.

Kitu kingine kinachochanganya ni mfalme. Jamaika ilipata uhuru Agosti 6, 1962, miezi minane baada ya Tanganyika na miezi miwili kabla ya Uganda, kutoka kwa mkoloni yuleyule. Tanganyika iligeuka jamhuri baada ya mwaka mmoja. Jamaika haikufanya hivyo, na ndiyo maana mkuu wa nchi hadi sasa ni Mfalme Charles wa Tatu, anayewakilishwa na Gavana Mkuu. Je, bado ni koloni? Hapana. Bunge na Waziri Mkuu ndio wanaoendesha nchi, na mwishoni mwa mwaka 2024 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kuifanya jamhuri.

Sasa swali la Uafrika. Wajamaika walio wengi sana ni weusi, na wahenga wao walitoka Afrika kweli, lakini si Ethiopia wala pwani yetu. Walitoka magharibi na kati: pande za Ghana ya leo, Nigeria, Kongo. Waingereza waliokiteka kisiwa kutoka kwa Wahispania mwaka 1655 walitaka sukari, na sukari ilitaka watu wa kukata miwa. Mtoto wa miaka minane anaweza kuambiwa hivyo bila kufichwa na bila kutishwa: watu walichukuliwa kwa nguvu, wakavushwa bahari, wakalimishwa bila malipo, na watoto wao wakahesabiwa kuwa mali ya mwenye shamba. Sheria ya kukomesha utumwa ilianza kazi Agosti 1, 1834, ila waliokuwa watumwa walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana walewale hadi mwaka 1838. Anayeishi Bagamoyo au Unguja ana pa kuanzia, maana soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Amwambie tu mtoto kwamba hizo zilikuwa njia mbili: yetu ilipita Bahari ya Hindi, ile ya Jamaika ilipita Atlantiki.

Na asiache kumsimulia habari za Nanny. Alikuwa kiongozi wa Wamaroon, watu waliotoroka mashamba wakajenga vijiji vyao milimani na kuwapiga Waingereza kwa vita vya kuvizia, mpaka Waingereza wakakubali kutia saini mikataba mwaka 1739 na 1740. Jamaika ina mashujaa saba wa taifa, na yeye ndiye mwanamke pekee. Sura yake ipo kwenye noti ya dola 500 za huko. Watoto huwa na maswali mengi juu ya bibi aliyewashinda askari milimani kuliko juu ya tarehe yoyote ya uhuru.

Jikoni

Hapa ndipo ningeanzia kama ningekuwa na nusu saa tu.

Jumapili, nyumba nyingi za Jamaika hupika wali kwa tui la nazi na maharage ndani yake. Wao huita wali na njegere, lakini usidanganyike: kilichomo ni maharage mekundu. Ikifika Krismasi maharage huondolewa na mbaazi huingia. Mtu wa Tanga au Mombasa akionjeshwa amefumba macho atauliza tu nani kaweka majani ya thaimu. Pilipili wanayoipenda, ile ya mviringo iliyokunjamana, ni ya ukoo mmoja na pilipili mbuzi. Hutumbukizwa nzima sufuriani ili itoe harufu, na ole wake atakayeipasua kwa mwiko.

Mboga yao ya majani, callaloo, ni mchicha. Visiwa vingine, kama Trinidad, wakitaja callaloo wanamaanisha majani ya magimbi, na huu ni mfano mzuri wa kumwonyesha mtoto kwamba Karibi si nchi moja. Ila Jamaika ni mchicha, unakaangwa na kitunguu na nyanya asubuhi, na huliwa na ndizi za kuchemsha au shelisheli. Naam, shelisheli. Tunda hilo ambalo Wazanzibari wanalijua vizuri ni la visiwa vya Pasifiki. Lilifikishwa Jamaika mwaka 1793 na nahodha Mwingereza, William Bligh, kwa sababu wenye mashamba walitafuta chakula cha bei rahisi cha kuwalisha watumwa. Leo huchomwa mzima motoni mpaka ganda liwe jeusi, na hakuna anayeliona kuwa chakula cha unyonge.

Safari nyingine ilikwenda kinyume. Watu wa kwanza wa Jamaika, Wataino, walikuwa wakila muhogo karne nyingi kabla mtu yeyote wa Afrika hajauona. Wareno ndio walioutoa Amerika wakauleta barani kwetu. Wataino wenyewe waliangamia kwa wingi muda mfupi baada ya Wahispania kufika, kwa maradhi mageni na kazi za kulazimishwa, lakini mkate wao wa muhogo bado unauzwa barabarani, hasa na samaki wa kukaanga. Mtoto anayelalamika kupewa muhogo asubuhi ajue anakula chakula cha kwanza cha Jamaika.

Mlo wa taifa ni ackee na samaki wa chumvi. Samaki huyo, mfano wa ng'onda wetu, alikuwa akiletwa kutoka bahari baridi za Amerika Kaskazini kwa kuwa alikaa muda mrefu bila kuoza na alikuwa rahisi. Ackee ni tunda jekundu la Afrika Magharibi. Likipikwa, nyama yake ya manjano hufanana na mayai ya kuvurugwa. Hapa lazima pawe na onyo: ackee ambalo halijapasuka lenyewe mtini lina sumu inayoweza kuua. Watoto wa Jamaika hufundishwa hilo mapema, kama wetu wanavyofundishwa kutokula uyoga wa kuokota. Kwa hiyo mkitaka kupika chakula cha Jamaika nyumbani, pikeni wali wa maharage na mchicha, na kinywaji kiwe rozela yenye tangawizi. Hiyo rozela, ambayo wengine huiita choya, ndiyo kinywaji chao cha Krismasi.

Kuhusu kuku wa jerk niseme kidogo tu, maana anauzwa kila mji mkubwa duniani siku hizi na mara nyingi si yeye. Jerk ya kweli hukolezwa kwa punje za pimento, kiungo ambacho asili yake ni hukohuko, kisha nyama huiva polepole juu ya kuni za mti huohuo. Ufundi huo hutajwa kuwa wa Wamaroon milimani.

Michezo na hadithi

Ukimwambia mtoto wa Tanzania kwamba watoto wa Jamaika wanacheza rede, atataka kujua nani aliwafundisha. Wao huuita dandy shandy. Wawili wanasimama huku na huku, mwingine au wengine wako katikati, mpira unarushwa, wa katikati wanaukwepa, anayepigwa anatoka. Wakenya wanaujua kwa jina la kati. Tofauti ni mpira: sisi tunafunga soksi na mifuko, wao huchukua boksi tupu la juisi au maziwa wakalijaza magazeti. Kucheza rede na boksi la juisi ni somo la Jamaika ambalo halihitaji hata ubao.

Usiku kuna hadithi za Anansi. Huyu ni buibui mjanja aliyevuka bahari pamoja na Waakan wa Ghana ya leo, na kazi yake ni ileile anayofanya Sungura katika ngano zetu: mdogo anamzidi akili mkubwa. Katika ngano za Jamaika anayetapeliwa sana ni chui milia, mnyama ambaye hajawahi kuishi kisiwani humo. Sidhani kama hilo limewahi kumsumbua msimuliaji yeyote, wala msikilizaji.

Aliyezipa hadithi hizo heshima ni Louise Bennett, ambaye Wajamaika wote humwita Miss Lou. Alizaliwa mwaka 1919 akafariki 2006, na kwa miaka mingi aliendesha kipindi cha watoto kwenye televisheni ya taifa. Jambo lililowashangaza watu wa wakati wake ni kwamba alizungumza Kipatwa, lugha ya nyumbani, mbele ya kamera, bila kuona haya.

Kipatwa si Kiingereza kibovu. Ni lugha ya Krioli: maneno mengi yalitoka Kiingereza, lakini namna ya kuyapanga na kuyatamka ilitengenezwa na watu wa lugha nyingi za Afrika waliolazimika kuelewana shambani. Si Sheng pia. Sheng mtu huikuta mtaani akiwa tayari ana lugha ya kwao, lakini Kipatwa mtoto hukinyonya na maziwa. Hata hivyo lugha rasmi ya Jamaika ni Kiingereza peke yake, na Agano Jipya lilitoka kwa Kipatwa mwaka 2012 katikati ya ubishi mkubwa.

Shuleni

Ubishi huo unaishia darasani. Mtoto wa Jamaika anaingia shule na lugha moja, anakuta vitabu na mitihani katika lugha nyingine inayofanana na yake kiasi cha kumpoteza. Wetu anayetoka darasa la saba kwa Kiswahili akaikuta sekondari ya Kiingereza anaonja ugumu wa namna hiyo, ila yeye walau anajua wazi kwamba amebadilisha lugha.

Masomo huanza na shule ya awali, kuanzia miaka mitatu hivi. Shule ya msingi ni miaka sita, kisha sekondari ya miaka mitano, darasa la saba hadi la kumi na moja, na wanaotaka huongeza miaka miwili. Mwaka wa shule unaanza Septemba, si Januari, hivyo likizo ndefu ni Julai na Agosti. Asubuhi kuna mstari wa sala na nyimbo. Wavulana wengi wa sekondari huvaa kaki kutoka juu hadi chini, na wasichana huvaa magauni au sketi za rangi ya shule yao. Mtu aliyesimama kituo cha basi Kingston anaweza kusema huyu ni wa shule fulani bila kusoma beji. Chakula cha mchana cha wengi ni patty, mfano wa sambusa lakini imeokwa na unga wake ni wa manjano, mara nyingi ikiwa imebanwa katikati ya mkate.

Mtihani unaowanyima wazazi usingizi unaitwa PEP. Ulichukua nafasi ya mtihani wa zamani mwaka 2019, na matokeo yake, yanayokusanywa darasa la nne, la tano na la sita, ndiyo yanayoamua mtoto apangiwe sekondari gani. Wakenya waliopitia KCPE hawahitaji kuelezwa zaidi. Kuna shule kongwe zenye majina makubwa, mojawapo Wolmer's iliyoanzishwa mwaka 1729, na kila mzazi anataka mwanawe aingie humo.

Mwishoni mwa darasa la kumi na moja kuna mtihani wa baraza la CXC, na hapa wasomaji wetu watanisamehe nikae kidogo. CXC si la Jamaika peke yake. Ni baraza moja la mitihani kwa nchi nyingi za Karibi zinazotumia Kiingereza, na liliundwa mwaka 1972. Sisi tulikuwa na kitu kama hicho: Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, ikaanzisha NECTA mwaka 1973, na baadaye Kenya na Uganda nazo zikawa na mabaraza yao. Kwa maneno mengine, wao waliunda baraza la pamoja kipindi kilekile ambacho sisi tulikuwa tukigawana makabati. Mwanafunzi wa Jamaika na wa Barbados wanafanya karatasi moja siku moja.

Halafu kuna Champs. Watu wengi wanaamini Wajamaika wanakimbia kwa sababu ya damu, au ya viazi vikuu vya Trelawny alikozaliwa Bolt. Madai ya namna hiyo tunayasikia pia juu ya wakimbiaji wa Eldoret na Iten. Sibishi kwamba mwili una mchango wake. Lakini mtoto aelezwe kwanza kitu kinachoonekana: tangu mwaka 1910 Jamaika ina mashindano ya riadha ya shule za sekondari, ambayo sasa hufanyika siku tano karibu na Pasaka katika Uwanja wa Taifa, Kingston, na uwanja unajaa. Yanarushwa moja kwa moja kwenye televisheni, waliosoma shule hizo miaka thelathini iliyopita wanavaa rangi zao za zamani na kupiga kelele hadi sauti zinakauka. Bolt alipitia humo akiwa mwanafunzi wa shule ya William Knibb, na Shelly-Ann Fraser-Pryce akiwa Wolmer's. Mwaka 2002, kabla hajafikisha miaka kumi na sita, Bolt alishinda mita 200 katika mashindano ya dunia ya vijana yaliyofanyika Kingston kwenyewe. Rekodi ya sekunde 9.58 ya mita 100 ilikuja Berlin mwaka 2009. Wasichana, kwa upande mwingine, wana netiboli, na timu yao ya taifa ni miongoni mwa bora duniani.

Wanyama, na kwa nini hakuna simba

Simba wa Jamaika yupo kwenye bendera za Marasta na kuta tu. Ni Simba wa Yuda, alama ya kifalme ya Ethiopia. Porini hakuna simba, tembo, twiga wala nyani. Kisiwa kimezungukwa na bahari yenye kina, na mnyama mkubwa wa bara hana njia ya kufika. Anayeruka anafika, ndiyo maana kuna popo wa aina nyingi. Ukiwaacha popo, mnyama wa nchi kavu wa asili anayenyonyesha ni mmoja tu, anaitwa coney, wa jamii ya panya na ukubwa wa sungura. Nyoka wenye sumu hawapo kabisa. Mamba wapo, hasa mto Black River.

Ndege wa taifa ni mdogo, dume lake lina mikia miwili mirefu myeusi na kifua cha kijani kinachometa, na Wajamaika humwita ndege daktari. Mtoto atasema "huyu ni chozi", kwa sababu chozi wetu naye ni mdogo, anang'aa na anafyonza nekta kwa mdomo mrefu. Hawana undugu wa karibu. Jamii ya ndege daktari inaishi mabara ya Amerika tu, na anaweza kuning'inia hewani mbele ya ua akipiga mabawa kwa kasi isiyoonekana, hata kurudi kinyumenyume. Chozi kwa kawaida hutua kwanza. Mtafuteni chozi bustanini, mmtazame anavyokula, kisha mtafute video ya mwenzake.

Hadithi ya wanyama ninayoipenda zaidi ni ya nguchiro. Mwaka 1872 mwenye shamba mmoja alileta nguchiro tisa kutoka India ili wale panya waliokuwa wakimaliza miwa yake. Nguchiro walikula panya, wakaongezeka, halafu wakagundua kwamba mayai ya ndege na watoto wa mijusi hupatikana kwa urahisi zaidi. Viumbe kadhaa vya kisiwa vilipungua vibaya. Iguana wa Jamaika, mjusi mkubwa asiyepatikana kwingine duniani, alidhaniwa ametoweka tangu miaka ya 1940, hadi mwaka 1990 mbwa wa mwindaji wa nguruwe alipomkamata mmoja akiwa hai katika vilima vya Hellshire. Tangu hapo watoto wake hulelewa katika bustani ya wanyama ya Kingston hadi wawe wakubwa kiasi ambacho nguchiro hawawezi kuwala, ndipo hurudishwa porini.

Milima ipo pia. Kilele cha Blue Mountain kina mita 2,256, chini ya nusu ya Kilimanjaro, lakini kwenye kisiwa chembamba kama kile kinaonekana kikubwa sana. Eneo la milima ya Blue na John Crow liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2015, kwa misitu yake na kwa sababu ndiko Wamaroon wa Nanny walikojificha.

Turudi kwa Melissa. Kimbunga hupata nguvu kutoka bahari yenye joto, na hujizungusha kwa msaada wa mzunguko wa dunia, msaada ambao ni hafifu sana karibu na Ikweta. Ndiyo maana Kenya haivijui, kusini mwa Tanzania vinafika mara chache, kama Hidaya kilichopita Mafia Mei 2024, na Msumbiji inapigwa mara kwa mara. Jamaika iko nyuzi 18 kaskazini, katikati ya njia yao. Msimu ni Juni hadi Novemba. Majina hutolewa kwa mpangilio wa alfabeti, la kike na la kiume kwa zamu, kwa hiyo mtoto anaweza kuhesabu mwenyewe kutoka A hadi M akaona kwamba Melissa kilikuwa cha kumi na tatu mwaka huo. Kimbunga kikiua au kuharibu sana, jina lake linaweza kustaafishwa. Gilbert, kilichoipiga Jamaika mwaka 1988, hakijatumika tena.

Rasta, na swali la bangi

Mtoto akishafika hapa, sasa mweleze Urastafari. Ni imani iliyozaliwa Jamaika miaka ya 1930, baada ya Haile Selassie kutawazwa kuwa mfalme wa Ethiopia Novemba 1930. Watu maskini wa Kingston, ambao kila sanamu ya ufalme waliyoiona ilikuwa ya mzungu, walimwona mfalme mweusi na wakaona unabii umetimia. Selassie alitembelea Jamaika Aprili 1966, na umati uliompokea uwanja wa ndege ulikuwa mkubwa kiasi kwamba alikawia kushuka kwenye ndege. Hapo ndipo Ethiopia inapoingia: ni uhusiano wa imani, ukiacha walowezi wachache waliohamia Shashemene, mji wa huko Ethiopia.

Lakini Marasta ni takriban asilimia moja tu ya Wajamaika. Wengi ni Wakristo, na makanisa yako kila kona. Bangi nayo haijahalalishwa holela kama inavyodhaniwa. Sheria ya mwaka 2015 iliacha kumshitaki kwa jinai anayekutwa na kiasi kidogo, akatozwa faini badala yake, na ikawaruhusu Marasta kuitumia kwa ibada. Kwa mtoto jibu linaweza kuwa fupi: ni mmea unaolevya, baadhi ya watu wazima wa dini hiyo huutumia wakisali, na shuleni Jamaika ni marufuku kama hapa.

Nywele ndizo zenye kisa chenyewe. Mwaka 2018 shule moja ya msingi ya Jamaika ilimtaka binti wa miaka mitano akate rasta zake ndipo aanze masomo. Wazazi wakaenda mahakamani, na Julai 2020 Mahakama Kuu ya huko ikaamua kwamba haki za kikatiba za mtoto hazikuvunjwa. Familia ikakata rufaa. Nairobi, Septemba 2019, Mahakama Kuu ya Kenya ilikuwa imeshaamua shauri la mwanafunzi wa Kirasta aliyefukuzwa darasani kwa sababu ya nywele zake: arudi shuleni, na asinyolewe.